Fumbo la Waifai na Jirani Mwerevu

Juma lililopita, kijana mmoja mpangaji mwenzangu hapa Nairobi aliniamkua kwa heshima zote, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mbona mtandao wako unasuasua siku hizi?" Mtandao wangu! Kumbe alikuwa akiutumia kwa miezi kadhaa, na sasa alikuja kunilalamikia bila haya. Nywila aliyoiweka fundi ilikuwa jina la ploti na 123. Hata mtoto angeibahatisha.

Gharama si neno. Kilichoninyima usingizi ni kabrasha moja katika tarakilishi yangu, nililokuwa nimelifungulia vifaa vyote vya nyumbani. Humo mna sauti za akina mama walionisimulia siri za nyumba zao kwa ajili ya utafiti wa lugha, nami niliwaahidi kwa kinywa changu kwamba mwingine hatazisikia.

Basi nikaufungua ukurasa wa mipangilio. Huko mwenye nyumba hutakiwa achague usimbaji fiche kwa herufi zisizomwambia kitu: WEP, WPA, WPA2, WPA3. Fundi alikuwa amechagua WEP ili printa yangu kuukuu isisumbue.

Watoto wa pwani wanapozungumza kinyume, silabi ya mwisho hutangulia, "nyumba" ikawa "mbanyu". Baba akiwasikiliza kwa muda huing'amua kanuni. Vijana wa Sheng ni wajanja zaidi: mzazi akilijua neno, wao hulitupa. WEP, ya mwaka 1997, ni kinyume cha watoto. Sehemu ya ufunguo wake inayobadilika ina biti 24 tu, yaani namna milioni 16 na ushei, nazo katika mtandao wenye shughuli nyingi huanza kurudiwa. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kwamba anayesikiliza kwa subira huweza kuupata ufunguo wenyewe. Fumbo mfumbie mjinga!

WPA ya 2003 ilikuwa kiraka. WPA2 ya 2004, ikitumia AES, ingali yafaa, mradi ruta na vifaa vinavyojiunga nayo viwe vimepokea marekebisho ya kasoro iliyofichuliwa mwaka 2017. Ila mdukuzi anaweza kuinasa salamu ya kifaa kinapojiunga, akaenda nayo kwake kubahatisha nywila usiku kucha. WPA3 ya 2018 humnyima nafasi hiyo, nami ndiyo niliyoichagua.

Mafundi wetu hupenda kushauri kwamba tulifiche jina la mtandao. Huko ni kujifunika ungo, kwani vifaa vyenyewe hulitaja jina hilo hewani vinapojiunga. Wangetuhimiza afadhali kuizima WPS, ile njia ya kujiunga kwa tarakimu 8. Mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huzikagua kwa mafungu mawili, hivyo majaribio 11,000 yatosha kuipata namba.

Nywila yenyewe huwa na herufi 8 hadi 63. Nilishawishika kutumia methali, kisha nikakumbuka kwamba wabahatishaji nao wana orodha za methali. Nikateua maneno matano yasiyo na udugu wowote, mojawapo la lahaja ambayo sitaitaja hapa.

Printa sasa imefungwa kwa waya. Kijana nimemfungulia mtandao wa wageni, uliotengwa na tarakilishi yangu, na kabrasha nimelifunga. Kama liliwahi kufunguliwa na mtu, ruta yangu haina kumbukumbu ya kunionyesha. Jumamosi nitakwenda kwa akina mama wale niwaeleze hivyo.