Huoza, Huchakaa au Huvunjwa? Mafuta ya Florini Ndani ya Diski Zetu

Katika semina yetu ya tafsiri muhula uliopita, mwanafunzi mmoja alipewa matini ya kiufundi kuhusu kompyuta, akaandika kwamba mafuta yanayolainisha sahani za diski "huoza yanapogusana na metali". Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka sana, maana wiki chache kabla ya hapo diski ya idara ilikuwa imeanza kugonga-gonga, na ndani yake mna masimulizi ya wazee wa Rumonge na Buyenzi tuliyoyahamisha kutoka kwenye kaseti. Tumeona inafaa tueleze jambo lenyewe kwanza, kisha turudi kwenye kitenzi.

Ndani ya diski ngumu mna sahani ya alumini au ya kioo inayozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000. Ili vikigusana visikwaruzane, sahani hufunikwa kwa utando wa kaboni, na juu ya utando huo hupakwa mafuta yenye unene wa nanomita moja au mbili. Haya si oili ya gereji. Molekuli yake ni mnyororo mrefu wa kaboni, oksijeni na florini, na wanakemia huyaita pafloropolietha. Yalichaguliwa kwa sababu kifungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo imara kabisa. Hayashiki moto, hayakauki upesi, na yakiwa peke yake hustahimili joto linalozidi nyuzi 300. Ndiyo maana hutiwa pia katika beringi za setilaiti, ambako hakuna fundi wa kwenda kuongeza grisi.

Udhaifu wake hujitokeza kwenye metali. Kwa kawaida chuma na alumini huwa na ngozi nyembamba ya oksidi. Msuguano ukiikwangua ngozi hiyo, metali iliyo wazi hunyakua florini kutoka kwenye mafuta, ikatokea floridi ya chuma au ya alumini. Floridi hiyo ni asidi, ingawa si kwa maana ya ukali wa ndimu. Ni asidi kwa maana aliyoieleza Mmarekani Gilbert Lewis mwaka 1923, yaani kitu chenye njaa ya elektroni. Huvuta elektroni za oksijeni iliyomo katika mnyororo, na mnyororo hukatika, hasa pale ambapo kaboni moja imebanwa kati ya oksijeni mbili. Vipande vinavyotokea huishambulia metali na kuzaa floridi zaidi, nayo hukata minyororo mingine. Uharibifu hujitengenezea kichocheo chake wenyewe! Alumina, ambayo imo katika kichwa cha kusomea cha diski nyingi, huanzisha mambo hayo hayo, na mafuta huvunjika kwa joto la chini sana kuliko zile nyuzi 300. Kwa hiyo watengenezaji hukipaka kichwa nacho kaboni.

Sasa turudi kwenye kitenzi. "Kuoza" ni kazi ya vijidudu, navyo hapa havimo. "Kuchakaa" kunaifaa sahani, kwa maana kitu kilichochakaa hupungua lakini hubaki kuwa kile kile. Mafuta haya hugeuka kuwa vitu vingine, baadhi yake gesi. Wengi katika semina walipendelea "huvunjika". Ni neno zuri, lakini kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Hatusemi "yamevunjika na metali". Na katika habari hii mtenda ndiye habari yenyewe, kwani bila metali mafuta yangedumu. Tulikubaliana kuandika "huvunjwa na metali", na katika nomino "mtengano". Fundi wa Buyenzi angesema oili imekufa, naye angeeleweka kuliko sisi sote.

Kuhusu diski ya idara, hatudai kwamba kemia hii ndiyo iliyoiharibu. Umeme uliokatika ghafla na begi lililoanguka ni washukiwa pia. Fundi aliyeisikiliza alitushauri tusiiwashe tena mpaka apatikane mwenye vifaa vya kunakili yaliyomo kwa mara moja, kwa sababu kila kichwa kinapogusa sahani huondoa kaboni na mafuta mahali pale pale. Kaseti za awali zingali katika kabati la idara, baadhi zimeanza kukwama. Aliye na redio kaseti inayofanya kazi vizuri anaombwa atuazime.