Umiminikaji wa Udongo na Usawazishaji wa Modeli za Kuutabiri

Utangulizi

Tangu jadi, binadamu huichukulia ardhi kuwa kielelezo cha uthabiti. Hata hivyo, tarehe 16 Juni 1964, wakazi wa mji wa Niigata nchini Japani waliushuhudia uthabiti huo ukitoweka. Tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.5 lilipotokea, majengo ya ghorofa katika mtaa wa Kawagishi-cho yaliinama, na moja likakaribia kulala chini, ilhali kuta zake zilibaki nzima kwa kiasi kikubwa. Kasoro haikuwa katika kuta hizo. Mchanga uliokuwa chini yake ndio uliogeuka uji. Hali hii ndiyo iitwayo umiminikaji wa udongo. Makala haya yanaeleza jinsi vipimo vya uwanjani vinavyotumiwa kusawazisha modeli za kuutabiri, na kubainisha mipaka ya kazi hiyo.

Chanzo cha Umiminikaji

Mchanga mlegevu uliojaa maji hubeba uzito wa jengo kwa kuwa chembe zake zimeegemeana. Ardhi inapotikiswa, chembe hizo huelekea kubanana zaidi, lakini maji yaliyo baina yake hayapati wasaa wa kutoka. Shinikizo la maji hupanda hadi likatwaa mzigo uliokuwa ukibebwa na chembe. Zinapoachana, udongo hupoteza nguvu zake na kutiririka kama kiowevu.

Vipimo vya Uwanjani

Ni vigumu mno kuuchimbua mchanga wa aina hii na kuufikisha maabarani bila kuuvuruga. Mpangilio wa chembe, ambao ndio kiini cha swali lenyewe, huharibika njiani. Kwa sababu hiyo, wahandisi huupima mahali ulipo. Katika kipimo kimoja, nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha sentimita 76, na mapigo yanayohitajika kuzamisha bomba la chuma kwa sentimita 30 huhesabiwa. Katika kingine, koni ya chuma husukumwa ardhini kwa kasi ya sentimita 2 kwa sekunde huku ukinzani wa udongo ukirekodiwa. Mapigo machache au ukinzani mdogo huashiria mchanga mlegevu. Hata hivyo, idadi ya mapigo haitumiki ilivyo. Hurekebishwa kwanza, kwani nyundo hutofautiana katika nishati zinayopitisha, na mchanga ulio kina kirefu hubanwa na uzito wa tabaka za juu.

Usawazishaji wa Modeli

Mwaka 1971, Harry Bolton Seed na Izzat Idriss walichapisha utaratibu wa kulinganisha nguvu ya mtikiso na ukinzani wa udongo. Katika kuuendeleza, watafiti walikusanya data za maeneo yaliyomiminika wakati wa matetemeko na za yale yaliyosalimika, wakachora mstari wa kuyatenganisha. Ikumbukwe kuwa maeneo yaliyosalimika yana thamani sawa na yaliyoharibika, kwani bila hayo mstari huo hauna pa kupita.

Modeli za kompyuta hutegemea mstari huo. Mfano ni PM4Sand, iliyoundwa na Ross Boulanger na Katerina Ziotopoulou. Kigezo chake cha kwanza, msongamano wa mchanga, hukadiriwa kutokana na mapigo ya nyundo au ukinzani wa koni. Cha pili, ugumu wa udongo, hupatikana kutokana na kasi ya mawimbi yanayopita ardhini. Cha tatu, kinachotawala wepesi wa mchanga kubanana, hubadilishwa mara kwa mara hadi modeli imiminike kwa idadi ya mitikiso inayotarajiwa, kwa kawaida 15 kwa tetemeko la ukubwa wa 7.5. Huku ndiko kusawazisha: ni sawa na mwenye duka anayeijaribu mizani yake kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana, kabla ya kumpimia mteja.

Mipaka ya Utabiri

Licha ya hayo, jiwe hilo halifai kila mizani. Matetemeko ya Christchurch, New Zealand, ya miaka ya 2010 na 2011 yalidhihirisha jambo hili. Katika baadhi ya maeneo yenye tabaka nyembamba za mchanga na tope zilizopishana, ukokotoaji ulitabiri madhara makubwa, lakini uso wa ardhi haukuyaonyesha. Kukadiria kupita kiasi huwatwika watu gharama zisizo za lazima. Kukadiria chini ya kiasi huhatarisha maisha yao.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa modeli, hata ikiwa na hesabu za kina namna gani, hupata mamlaka yake kutokana na ardhi iliyopimwa. Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mhandisi anayechukua vigezo vya Niigata na kuvitumia kwingine bila kuutoboa udongo wa huko husafiria nyota isiyo yake, na wanaozama ni wale watakaolala ndani ya jengo.