Plagi Zilizojificha: Kikundi Kinavyoweza Kubadilisha Plagi za Gari Lake

Kikundi cha kujisaidia kikishaweka akiba ya miaka kadhaa, mara nyingi wazo linalofuata ni gari. Wengine hununua Probox ya kubebea watu na magunia ya viazi vitamu kutoka Kabondo hadi soko la Oyugis. Wengine huchukua Hiace ya petroli, na mkopo unabaki wa kulipwa kila mwezi. Hapo ndipo shida ndogo huanza kula faida. Gari linakohoa likipanda mlima, petroli inaisha haraka, asubuhi linakataa kuwaka. Dereva anasema, "Inamisi." Fundi anasema, "Ni plagi." Mweka hazina anatoa pesa, na baada ya wiki chache maneno ni yale yale.

Makala hii inaeleza kazi ya plagi, kwa nini katika magari ya siku hizi zimefichwa ndani, na jinsi ya kuzibadilisha nyumbani bila kuvunja kitu. Hata kama kikundi chenu kitaendelea kumwita fundi, ni vizuri watu wawili au watatu wajue kazi hii. Anayejua hadanganywi.

PLAGI NI NINI?

Ndani ya injini ya petroli, hewa na petroli huchanganywa na kukandamizwa na pistoni. Plagi hutoa cheche kuwasha mchanganyiko huo. Kila silinda ina plagi yake, kwa hiyo Probox na Hiace zenye silinda nne zina plagi nne. Cheche huruka katika nafasi ndogo sana kwenye ncha ya plagi, kama milimita moja hivi. Kila cheche hula chuma kidogo, nafasi inapanuka, na mwisho cheche inashindwa kuruka. Silinda hiyo haifanyi kazi, na tatu zilizobaki zinaivuta kama ng'ombe mgonjwa kwenye nira.

Injini za dizeli, kama zile za mashine nyingi za kusaga unga, hazina plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyokandamizwa. Mtu akikuambia plagi ya cheche ya mashine yako ya dizeli imekufa, muulize vizuri.

ZIBADILISHWE LINI?

Plagi za kawaida huhitaji kubadilishwa baada ya kilometa 20,000 hivi. Zile za iridiamu ni ghali zaidi lakini nyingi huweza kufika kilometa 100,000. Tuhesabu pamoja. Gari likienda kilometa 150 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hizo ni kilometa 3,750. Basi kilometa 20,000 zinakwisha kwa miezi mitano na kidogo. Gari la kazi si kama gari la mtu anayeenda kanisani Jumapili tu.

Msingoje mpaka gari lianze kumisi. Petroli isiyowaka hutoka na moshi na kuharibu kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, ambacho bei yake ni kubwa kuliko plagi nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KWA NINI NI VIGUMU KUZIFIKIA?

Magari ya zamani plagi zilikaa pembeni mwa injini na waya zake zikaonekana. Siku hizi mambo ni tofauti:

Probox. Zile nyingi zenye injini ya 1NZ zina plagi ndani ya visima virefu juu ya injini. Juu ya kila plagi kuna koili yake, na juu ya koili kuna kifuniko cha plastiki.

Hiace ya petroli. Injini iko chini ya viti vya mbele. Lazima kiti kiinuliwe kwanza.

Subaru. Silinda zimelala, mbili kila upande, na plagi zinatazama ubavu wa gari. Mara nyingi hutolewa betri au chupa ya maji ya waipa upande mmoja, na kasha la kichujio cha hewa upande wa pili, ndipo mkono uingie.

VIFAA

Soketi ya plagi yenye mpira au sumaku ndani (Probox nyingi hutumia ya milimita 16, pimeni yenu), fimbo ya kurefusha, mkono wa kuzungushia, soketi ya 10 ya bolti za koili, pampu ya magurudumu, kitambaa safi, na kipande cha paipu ya mpira inayobana kichwa cha plagi. Katika Subaru chukueni fimbo mbili fupi badala ya moja ndefu, na kiungo kinachopinda. Vifaa hivi vikundi viwili au vitatu vyaweza kununua kwa pamoja.

KAZI YENYEWE

1. Injini iwe baridi kabisa. Fanyeni kazi asubuhi kabla gari halijatoka. Sehemu ya juu ya injini ni ya alumini, na ikiwa moto thredi zake huvunjika upesi. Thredi zikikatika, kazi ya shilingi kidogo imekuwa ya kushusha silinda hedi.

2. Toeni waya hasi ya betri. Asiwepo mtu wa kuvuta sigara wala taa ya koroboi karibu.

3. Ondoeni kifuniko, kisha shughulikieni silinda moja kwa wakati mmoja. Msitoe koili zote nne mara moja, mtachanganya. Bonyezeni kidole cha soketi ya waya pole pole. Plastiki ya zamani huvunjika. Fungueni bolti, zungusheni koili kidogo kushoto na kulia, halafu ivuteni juu moja kwa moja.

4. Pulizeni kisima kwa pampu kabla ya kugusa plagi. Vumbi la barabara zetu na vijiwe hukaa mle. Plagi ikitoka kabla ya kupuliza, vinaanguka ndani ya silinda. Mpulizaji afunge macho au avae miwani.

5. Ingizeni soketi ikae sawasawa, isiiname. Ikiinama, kauri ya plagi itapasuka. Fungueni kwa kuvuta taratibu. Ikikataa, msitumie paipu ndefu kuongeza nguvu. Tieni matone ya mafuta ya kulegeza kutu, ngojeni nusu saa, kazeni kidogo sana, kisha fungueni tena. Ikiendelea kukataa, simameni hapo na kumwita fundi mwenye uzoefu.

6. Linganisheni plagi mpya na ile ya zamani: urefu wa thredi, unene, na namba iliyoandikwa. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni. Namba sahihi iko katika kitabu cha gari. Msikubali "hii pia itaingia tu".

7. Plagi mpya ishikwe na ile paipu ya mpira na kuzungushwa kwa vidole. Paipu ina faida: thredi zikikosana, yenyewe huteleza badala ya kulazimisha. Ikikaza mapema, rudisheni nyuma, anzeni upya. Ishuke kwa vidole mpaka mwisho.

8. Sasa tu ndipo mtumie mkono wa soketi. Plagi mpya yenye washa ikishagusa chini, izungusheni nusu mzunguko, isizidi theluthi mbili. Haihitaji nguvu za kiume. Thredi zisipakwe grisi.

9. Rudisheni koili, bolti yake, na waya mpaka usikie "tak". Nendeni silinda ya pili. Mkimaliza zote, rudisheni waya ya betri na kuwasha gari nje, si ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa ekzosi unaua na hauna harufu ya kukuonya vya kutosha. Injini ikiwa inazunguka, msivute koili kwa mkono. Umeme wake ni wa maelfu ya volti.

PLAGI ZA ZAMANI ZINASEMA NINI?

Msizitupe. Zipangeni mezani kwa mpango wa silinda, moja hadi nne, mzitazame kama daktari anavyotazama ulimi.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu: injini ni nzima, plagi imechoka tu.

Nyeusi na masizi makavu: petroli ni nyingi kuliko hewa. Angalieni kwanza kichujio cha hewa.

Imelowa oili kwenye ncha: oili inapita kwenye ringi za pistoni au mihuri ya valvu. Plagi mpya haitaponya ugonjwa huu.

Oili iko juu, ndani ya kisima tu: mpira wa kifuniko cha valvu umezeeka. Hiyo ni kazi ndogo, lakini isipofanywa oili huharibu koili.

Nyeupe na kama imeungua: injini inapata moto kupita kiasi au petroli ni haba.

NA IKIENDELEA KUMISI?

Kabla ya kununua koili nne, fanyeni hivi. Fundi aliye na mashine ya kusoma kompyuta ya gari atawaambia silinda gani inamisi. Tuseme ni ya pili. Zimeni gari, badilishaneni koili ya pili na ya tatu, kisha msome tena. Kama ugonjwa umehamia ya tatu, koili hiyo ndiyo mbovu, nunueni moja. Kama umebaki ya pili, koili haina makosa. Jaribio hili halina gharama ya spea, na linaokoa pesa za koili tatu ambazo hazikuwa na hatia.

MAMBO YA MWEKA HAZINA

Mama mmoja mweka hazina aliniuliza, "Sasa mimi nisiyejua spana nitalindaje pesa za akina mama?" Jibu ni daftari. Andikeni tarehe, kilometa, namba ya plagi, bei, duka, na aliyefanya kazi. Fundi akibadilisha, adai plagi za zamani zirudishwe mezani na risiti iwepo. Plagi feki ni nyingi, ingawa Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008. Bei ikiwa chini ajabu, maandishi kwenye kauri yakifutika kwa kidole, au ncha ikiwa imepinda, rudisheni. Nunueni kwa duka moja linalojulikana, lenye mtu wa kulaumiwa.

Na dereva asionekane kama mshtakiwa. Yeye ndiye wa kwanza kusikia gari likibadilika sauti. Akiogopa kulaumiwa atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kutakuwa ghali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka uliopita gari letu lilitumia pesa ngapi kwa matengenezo? Nani ana maandishi?

2. Ni watu gani watatu tutakaowachagua kujifunza kazi hii? Kuna mama na kijana kati yao?

3. Ni kikundi gani jirani tunachoweza kununua nacho vifaa?

4. Gari letu lilibadilishwa plagi lini, na zitafuata kwa kilometa ngapi? Andikeni jibu leo kwenye karatasi, mlibandike ndani ya gari.