Kujikinga kwa Mwanamke (2): Sauti Hutangulia Mkono

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba anayemdhuru mwanamke mara nyingi si mtu baki aliyejificha kichakani. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 yanaonyesha kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi mhusika ni mume au mpenzi wake. Leo tujibu swali linalofuata: je, kujikinga kunafundishika? Na kama kunafundishika, mtu aanzie wapi?

Kunafundishika, na ushahidi tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, wako mabibi wenye mvi wanaojifunza kujihami katika kikundi kinachoitwa Shosho Jikinge. Wahalifu walikuwa wakiwalenga wazee hao, baadhi yao kwa imani potofu kwamba ajuza hawezi kuwa na virusi vya UKIMWI. Mazoezini, bibi anaposukuma kiganja chake kwenye mfuko wa kupigia, hupaza sauti papo hapo: “Hapana!” Mkono na sauti hufanya kazi pamoja.

Mafunzo ya namna hiyo walipewa pia wasichana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, vipindi 6 vya saa mbili mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics: zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema kwamba katika mwaka uliofuata waliwahi kutumia mbinu hizo kuzuia kubakwa. Nchini Kanada, utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulihusisha wanafunzi 893 wa mwaka wa kwanza wa vyuo vikuu. Ndani ya mwaka mmoja, waliobakwa miongoni mwa waliopata mafunzo ya saa 12 walikuwa asilimia 5.2, miongoni mwa wasioyapata, asilimia 9.8. Saa 12 hazimfanyi mtu kuwa bondia. Zinamfundisha kutambua hatari mapema, kusema, na kuondoka.

Kwa nini sauti itangulie? Kwanza, mshambuliaji hutegemea ukimya wako, na kelele humharibia mpango. Pili, kupaza sauti hukulazimisha kuvuta pumzi. Mtu akiingiwa na hofu kali, mwili unaweza kuganda, miguu ikakataa na koo likakauka. Hilo ni jambo la kimaumbile, na aliyeganda hakukubali chochote wala hana kosa. Lakini pumzi na sauti vilivyozoezwa husaidia mwili kurudi kwa mwenyewe. Tatu, sauti huita mashahidi.

Ugumu uko kwenye malezi yetu. Binti huambiwa tangu utotoni kwamba mtoto wa kike hapazi sauti, wala hamjibu mkubwa. Anayejua hilo vizuri ni yule mkubwa mwenye nia mbaya. Kwa hiyo maneno yaandaliwe na yazoezwe kabla ya siku yenyewe, tena yawe mafupi: “Baba mdogo, ondoa mkono wako.” Usitangulize samahani, usitabasamu, usieleze sababu. Mtazame usoni, simama wima, rudi nyuma hatua moja ili mkono wake usikufikie. Heshima ya ukoo haivunjwi na msichana anayekataa kushikwa; imeshavunjwa na aliyemshika.

Ukiwa ndani ya daladala au matatu, taja kitendo na umtaje mtu: “Konda, simamisha gari, huyu ananishika!” Ukiwa barabarani, usililie umati wote, maana katika umati kila mmoja humsubiri mwenzake. Chagua mtu mmoja: “Kaka mwenye shati la bluu, huyu simjui, nisaidie!” Aliyetajwa hana pa kujificha.

Sauti isipotosha, mwili ufuate. Tuchukue mfano wa kushikwa kifundo cha mkono. Anayekushika ana vidole vinne upande mmoja na kidole gumba upande wa pili, na udhaifu wa mshiko wake uko pale gumba linapokutana na vidole. Usivute mkono kwenda nyuma moja kwa moja. Utashindana na nguvu zake zote. Geuza mkono wako ili ubavu wake mwembamba uelekee kwenye mwanya huo, kunja kiwiko huku ukisogea karibu naye, kisha chomoa kwa kasi kupitia upande wa gumba. Jizoezeni wawili wawili nyumbani, polepole kwanza. Ukilazimika kupiga, lenga pua, macho, koo au korodani, ukitumia sehemu ngumu ya chini ya kiganja, kiwiko au goti. Ukipata upenyo, kimbilia penye watu. Shabaha ni kutoka salama. Kumshinda mtu si kazi yako. Akiwa na silaha na anataka simu au mkoba, mpe. Mali hutafutwa tena.

Sheria nayo iko upande wako. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya mtu kujikinga yeye mwenyewe au kumkinga mwingine, kwa sharti kwamba nguvu iliyotumika iwe ya kadiri kulingana na hatari. Mshambuliaji akishakimbia, kumfukuza na kumpiga si kujikinga tena.

Mambo ya kufanya baada ya tukio yatakuwa somo la wiki ijayo, lakini moja halisubiri. Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU na za kuzuia mimba. Asioge kwanza, na nguo alizovaa azihifadhi kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Neno la mwisho ni kwa wasikiaji. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha mabasi, watu wakitazama. Mafunzo yote niliyoyaeleza hapa yanapungua nguvu kama jirani akisikia kelele anafunga dirisha na kusema ni mambo ya mume na mke. Baba, kaka, konda, mwenye duka: ukisikia mwanamke anapiga kelele, toka nje, washa taa, ita wenzako, piga simu polisi. Nanyi wazazi na walimu, jioni ya leo mwambieni binti aseme “Hapana!” kwa sauti yake yote, na msimnyamazishe.

Itaendelea wiki ijayo.