Ndege za Rufiji Ziliangushwa na Nini?

Kila zinaposimuliwa habari za Vita Kuu ya Kwanza katika nchi yetu, haikosi kutajwa manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, jinsi ilivyojificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, na jinsi Waingereza walivyohangaika nayo tangu mwisho wa Oktoba 1914 hadi Julai 1915. Husemwa pia, tena kwa fahari, kwamba ndege ndizo zilizoifichua. Maneno hayo ni kweli. Lakini lipo jambo ambalo wasimulizi hulipita upesi, nalo ni kwamba ndege zenyewe ziliharibika moja baada ya moja, na nyingi katika hizo ziliharibika bila kuguswa na risasi ya adui. Twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu ziliangushwa na nini.

Mwenye kuijua delta ile, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, hatashangaa kwamba manowari nzima iliweza kupotea humo. Mto hujigawa vijito vingi, Simba Uranga, Kikunya, Msala na vinginevyo, na kila kijito kimefunikwa kwa mikoko mirefu. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikarudi kujificha karibu na Salale kwa kuwa mitambo yake yenyewe ilikuwa imeharibika. Vipande vya mitambo hiyo vilibebwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Waliovibeba na kuvivuta ni watu wetu. Yatosha kukumbuka kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na kwamba Kinjikitile alinyongwa pale pale Mohoro, Rufiji, mwaka 1905. Kwa hiyo hapana haja ya kuuliza kama wabebaji hao walikwenda kwa hiari.

Waingereza walijua kuwa adui yumo ndani, lakini baharini hawakuweza kumwona. Wakatafuta macho ya angani, wakampata Durban rubani mmoja raia aliyeitwa Cutler, mwenye ndege za majini za Kimarekani aina ya Curtiss. Walimleta kwa meli hadi kisiwa kidogo cha Niororo, na mwezi wa Novemba 1914 akaanza kuruka.

Safari yake ya kwanza alikwenda bila dira. Mawingu na mvua vikamzunguka, akapotea, akatua penye kisiwa kisicho na watu, nako ndiko alikookotwa. Kisha rejeta ya ndege ikawa haifai, na huko baharini hapakuwa na ya akiba. Ikabidi manowari itumwe Mombasa, ikarudi na rejeta ya motokaa ya Ford. Fundi yeyote wa gereji pale Kibiti atatabasamu akisikia habari hii, maana hata leo mambo kama hayo hutendeka. Lakini gari likizimika dereva hushuka akalisukuma, na ndege ikizimika juu ya mikoko ni jambo jingine. Kwa rejeta hiyo ya kuazima Cutler aliiona Königsberg. Mwezi wa Desemba mashine ilimzimikia juu ya delta, akashuka mtoni, akatekwa.

Mtu aweza kusema kwamba hiyo ilikuwa bahati mbaya ya raia mmoja na chombo chake kibovu. Tungekubali, kama yaliyofuata yasingekuwa yale yale. Februari 1915 liliwasili kundi la ndege za jeshi lenyewe, aina ya Sopwith, pamoja na rubani John Cull. Ndege hizo zilijengwa Uingereza kwa mbao, turubai na gundi, na Niororo zikakutana na jua la Februari. Gundi ililegea. Rafadha, yaani lile pangaboi la mbele linaloivuta ndege, ziliundwa kwa tabaka za mbao zilizogandishwa, nazo zikaanza kuachana. Ndege zikashindwa kupanda zikiwa na rubani, mtazamaji, mabomu na petroli ya kutosha kwa pamoja. Kila mara ilibidi kitu kiachwe chini. Lakini ndege ya kutafuta manowari ikiacha mtazamaji, ikaacha na petroli, yakwenda kufanya nini?

Hapa yafaa tueleze jambo lenyewe, kwa sababu ndiyo shina la habari yote. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Bawa la ndege huinuliwa na hewa inayopita juu na chini yake. Hewa ikiwa nyepesi, bawa hupata mwinuko mdogo. Rafadha nayo hukata hewa ile ile nyepesi, basi huvuta kidogo. Na mashine huvuta pumzi ya hewa ile ile ili iunguze petroli, basi nguvu zake hupungua. Hasara hizo tatu huja kwa pamoja, saa ile ile ya adhuhuri. Ndege ya majini ina taabu ya nne: bahari ikiwa shwari kabisa, maji huyang'ang'ania maboya yake, isipate kubanduka. Siku hizi rubani hupiga hesabu ya joto na uzito kabla ya kuondoka, hata kama anakwenda Mafia tu na abiria wachache. Mwaka 1915 hesabu hiyo ilifundishwa na ajali.

Mwezi wa Aprili zililetwa ndege nyingine za majini, aina ya Short, na kambi ilikuwa sasa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikiteka Januari. Hizo ziliruka, lakini chini mno, hata bunduki za Wajerumani mikokoni zikaweza kuzifikia. Ndipo Juni zikaletwa ndege za magurudumu, Caudron na Henri Farman. Ndege za magurudumu zahitaji kiwanja, na kiwanja chahitaji watu wa kukata miti, kung'oa visiki na kusawazisha ardhi. Katika vitabu vya vita hivyo twasoma majina ya marubani, vyeo vyao na nishani zao. Ya watu wa Mafia waliofyeka kiwanja hatukuyaona. Bila kiwanja hicho Cull asingepaa. Hata hivyo baadhi ya ndege hizo nazo ziliharibika katika kujaribiwa, kabla ya siku ya vita kufika.

Tarehe 6 Julai 1915 manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, na ndege zikapokezana juu kuzielekeza. Zote mbili zilipopiga kwa wakati mmoja, mtazamaji hakuweza kutambua kombora lipi ni la nani, na jioni wakatoka bila kuimaliza kazi. Tarehe 11 walirudi wakiwa wamejifunza: moja ilipiga, nyingine ikanyamaza.

Siku hiyo Cull aliruka na mtazamaji wake Arnold katika Farman. Mizinga ya Königsberg iliwapata, mashine ikavunjika. Hiyo ndiyo ndege iliyoangushwa kweli na adui, nayo inastahili kutajwa kwa heshima, kwa maana huku ndege ikiteremka bila nguvu, Arnold aliendelea kupeleka ishara za simu ya upepo kusahihisha shabaha ya Severn. Walianguka mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull, aliyefungwa mkanda, alizama na chombo kabla ya kujinasua. Mashua ya Mersey iliwaokota wote wawili wakiwa hai.

Alasiri ile kapteni Looff aliamuru manowari yake ilipuliwe. Mizinga yake kumi iliopolewa ikakokotwa hadi Dar es Salaam kwa mabega ya watu wetu, ikaendelea kupiganwa nayo nchi kavu. Cutler, aliyeiona Königsberg wa kwanza kutoka angani kwa rejeta ya motokaa, alikuwa bado mfungwa wa Wajerumani.