Joto la Udongo na Kobe wa Uani

Katika nyua za Nchelenge na Kashikishi, ukingoni mwa Ziwa Mweru, kobe ni mgeni asiye na makelele. Wabemba humwita fulwe. Watoto humtupia majani ya mboga, naye hukaa miaka mingi chini ya mwembe bila kudai banda wala pumba. Mashaka huanza anapotaga.

Kila mfuga kuku anajua kwamba joto la kuatamia halimgeuzi jogoo kuwa tembe. Jambo hilo huamuliwa kabla yai halijatagwa. Kwa kobe sivyo. Yai lake hutagwa likiwa si la dume wala la jike, na joto la udongo ndilo linaloamua, hasa katika theluthi ya kati ya muda wa kuatamiwa. Ajabu hii iliandikwa kwanza mwaka 1966 na Madeline Charnier, huko Dakar, Senegali, aliyekuwa akichunguza mijusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Claude Pieau wa Ufaransa akaithibitisha kwa kobe.

Udongo wenye ubaridi hutoa madume. Wenye joto hutoa majike. Kwa kobe waliochunguzwa mpaka uko karibu na nyuzi 31 za Selsiasi, na nyuzi mbili tatu tu zaweza kugeuza kundi zima. Ndani ya kiinitete mna kimeng'enyo kinachogeuza homoni za kiume kuwa za kike, nacho huchangamka joto linapopanda. Mamba wa ziwani wana desturi yao nyingine: kwao ubaridi huleta majike.

Basi shimo la kivulini na shimo la mchanga mtupu hayalingani, hata kama mama ni mmoja. Mwembe ukikatwa kwa ajili ya kuni, watoto wa kobe nao hubadilika. Huko Australia, mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba kati ya kasa wachanga 100 wa fukwe za kaskazini zenye joto, 99 walikuwa majike.

Kwa mwenye nyumba, lililo jema ni kuyaacha mayai yalipofukiwa, kuyazungushia wavu kwa sababu ya mbwa na kenge, na kukiacha kivuli kama kilivyo. Ikilazimu kuyahamisha, kila yai litiwe alama ya penseli juu, na upande huo ubaki juu. Likipinduliwa, kiinitete chaweza kufa. Kisha ni subira. Kobe madoa huchukua miezi 8 hadi zaidi ya mwaka kuanguliwa, na jinsia yake huonekana baada ya miaka kadhaa, dume akiwa na mkia mrefu na gamba la tumboni lililobonyea. Madume wengi pamoja hugombana, na aliyepinduliwa chali juani aweza kufa.

Tena kobe wote wa nchi kavu wamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori. Familia inayovuka ziwa kwenda Kongo haiwezi kumtia kobe kikapuni pamoja na masufuria. Kibali hutafutwa kwanza katika Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori.