Benzi ya Zamani: Piga Hesabu Kabla ya Kushika Spana



Baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki walitunga neno "Wabenzi". Lilikuwa jina la wakubwa waliopita barabarani ndani ya Mercedes-Benz, huku mfanyakazi akitembea kwa miguu kwenda kiwandani au shambani. Leo magari yale yamezeeka na kupita mikono mingi. Bei imeshuka mpaka mfanyakazi wa kiwanda cha sukari au wa shamba la chai anaweza kununua moja. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Naandika kwa sababu ya maswali ninayoulizwa na wanachama. Mwaka 2022 sheria ya mfuko wa akiba wa NSSF hapa Uganda ilibadilishwa. Mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 aliruhusiwa kuchukua sehemu ya akiba yake, isiyozidi asilimia 20, kabla ya kustaafu. Hiyo ni haki yake. Lakini fedha ile ni jasho la miaka mingi, na ikishatoka hairudi yenyewe. Wengi hunijia na fikra moja: "Ndugu, nitanunua Benzi iliyochoka, nitaitengeneza nyumbani, nitaiuza kwa faida." Sisemi kwamba haiwezekani. Nasema wengi wetu hatupigi hesabu. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

KWA NINI BEI NI NDOGO?

Jambo la kwanza kulielewa ni hili: bei ya gari hushuka, lakini bei ya spea haishuki pamoja nayo. Gari lililouzwa kwa tajiri likiwa jipya linabaki na vyombo vya tajiri hata likifika kwako. Rejeta yake, pampu yake, giaboksi yake na waya zake zilitengenezwa kwa gari la bei kubwa. Mwenye gari anapoona kwamba matengenezo yanakaribia bei ya gari zima, huliuza. Kwa hiyo unapolinunua kwa bei rahisi, unanunua na deni la matengenezo ambayo mwenzako alikataa kuyalipa. Kazi yako ni kujua deni hilo ni kiasi gani kabla ya kutoa fedha.

Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi inayong'aa na viti vya ngozi haviendeshi gari.

BENZI INAYOJULIKANA ZAIDI

Tuchukue mfano wa Benzi ambayo mafundi wengi wanaifahamu, ile yenye wipa moja tu kubwa kwenye kioo cha mbele. Kiwandani iliitwa W124. Ilianza kutengenezwa mwaka 1984 huko Ujerumani, na zaidi ya milioni mbili na nusu zilitengenezwa kabla ya kusimamishwa katika miaka ya 1990. Utaiona imeandikwa nyuma 200E, 230E, 250D, 300E, au E220 kwa zile za mwisho.

Ni gari gumu, na injini zake zikitunzwa hudumu sana. Lakini umri wake umepita miaka 25. Tena, tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Huko Kenya mpaka ni miaka 8. Maana yake ni kwamba W124 unayoiona leo iliingia zamani, na hakuna nyingine zinazokuja za kuvunjwa ili tupate spea za mitumba.

YALIYONIPATA MIMI

Nilinunua E220 ya mwaka 1994. Ilitetemeka ikiwa imesimama, na mvua ikinyesha ilizimika. Aliyeniuzia alisema, "Ni plagi tu." Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha chujio la petroli. Nikanunua pampu ya petroli. Hali ikawa ile ile.

Mwishowe nikamleta fundi wa umeme wa magari. Alifunua kifuniko cha plastiki juu ya injini, akakunja waya mmoja kwa vidole viwili. Ngozi ya waya ilimwagika kama maganda ya karanga, shaba ikabaki wazi. Akanieleza kwamba Benzi nyingi za petroli zilizotengenezwa kati ya mwaka 1992 na 1995 zina ugonjwa huo. Ngozi ya waya za injini ilikuwa ya aina ambayo kwa joto hukauka na kubanduka, kisha waya hugusana na injini huchanganyikiwa. Dawa yake ni kubadilisha fungu zima la waya. Kufunga na utepe ni kuahirisha tu.

Ukaguzi ule ulichukua dakika tano. Ningeufanya kabla ya kununua, ningeokoa miezi minane. Nilipouza, nilirudishiwa bei ya kununulia na sehemu ya fedha ya spea. Kazi yangu ya Jumapili zote zile haikulipwa hata senti. Muhula ule ada ya shule ya mtoto niliikopa. Mama watoto hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Ile akiba ya uzee imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

KAGUA HIVI KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Iguse kwa mkono. Ukikuta ina moto, muuzaji ameiwasha mapema ili kuficha tabu ya kuwaka.

2. Tazama moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mzito mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi.

3. Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha oili na kile cha maji. Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, au oili inaelea kwenye maji, huenda gaskiti ya hedi imeungua. Usifungue kamwe kifuniko cha maji injini ikiwa ya moto. Mvuke wake huunguza uso.

4. Kunja waya za injini polepole. Zikipasuka, umeshajua.

5. Lala chini utazame sehemu za kuwekea jeki, nyuma ya plastiki za pembeni. Gonga kwa bisibisi. Kutu hupenda kujificha huko.

6. Liendeshe mpaka lipate joto kamili. Gia ya rivasi ikichelewa kushika, au gia zikiteleza wakati wa kubadilika, giaboksi inaumwa. Hilo si gari la kutengenezea nyumbani.

7. Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile za kwenye kadi ya gari. Hakikisha anayeuza ndiye mwenyewe, na kwamba gari halina mkopo. Gari lisilo na karatasi safi usilinunue hata kwa bei ya bure.

Mlipe fundi anayelijua gari hilo aje nawe. Ujira wake wa siku moja ni mdogo kuliko kosa moja.

Na usidanganywe na Benzi mpya zaidi kwa kuwa nazo zimeshuka bei. Ile kubwa iitwayo W220, iliyoanza mwaka 1998, husimama juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mifuko ikivuja, gari hulala chini. Ile ya W211 iliyoanza mwaka 2002 ilikuwa na breki za umeme katika miaka yake ya kwanza. Breki hizo zinaweza kujibana zenyewe mlango ukifunguliwa, na fundi asiyezizima kwanza kwa utaratibu wake anaweza kupoteza vidole. Bila mashine ya kupimia, kaa mbali nazo.

MPANGO WA KAZI

Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Hilo ni kosa. Mpango uwe huu: kwanza gari lisimame, pili lishike njia, tatu lisichemke, nne liwake vizuri, na mwisho lipendeze.

Kusimama ni breki: pedi, diski, mipira, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na yapasa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Kushika njia ni boljointi, tairodi, bushi na tairi. Tairi kipara haliuziwi mtu. Kutochemka ni rejeta, pampu ya maji, termostati, mipira ya maji na feni. Jambo hili la tatu huua injini nyingi, kwa sababu hedi ya aluminiamu ikipata moto kupita kiasi hupinda, na faida yako hupinda nayo.

Spea nyingine nunua mpya, hasa za breki na usukani. Za mitumba, kama zile za soko la Kisekka mjini Kampala, zinafaa kwa mlango, taa, kioo au kiti. Usifunge breki ya mitumba.

USALAMA NI ULE ULE

Kiwandani tunadai glavu, viatu na kinga za mashine. Nyumbani tunalala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki moja na tofali. Jeki ni ya kuinulia tu. Kabla ya kuingia chini, weka stendi za chuma na uzuie magurudumu.

Springi za mbele za W124 zimebanwa kwa nguvu kubwa mno, na zinahitaji kifaa chake maalumu cha kuzibana. Zikikuruka zinaua. Kazi hiyo ipeleke gereji. Vumbi la breki kuukuu usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwa kuwa pedi za zamani huenda zina asbesto; lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa na ukitupe. Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Na watoto wasicheze karibu na petroli.

Kumbuka kwamba ukiumia kazini, sheria inamtaka mwajiri akulipe fidia. Ukiumia chini ya Benzi yako, hakuna wa kumdai.

HESABU YENYEWE

Hizi ni namba za mfano tu, ili tuone njia ya kuhesabu. Tuseme ndugu wawili wamenunua gari kwa shilingi 6,000,000. Spea ni 2,400,000. Fundi wa umeme na wa rangi ni 1,300,000. Usafiri, ukaguzi na kubadilisha jina ni 500,000. Jumla ni 10,200,000. Wakiuza kwa 11,500,000, inabaki 1,300,000. Wengi husimama hapo, hupiga makofi na kusema, "Faida!"

Tuendelee kidogo. Kila mmoja amefanya kazi siku 30, basi ni siku 60 kwa jumla. Gawa 1,300,000 kwa 60. Kila siku ya kazi imelipwa kama shilingi 21,700, nao wamekaa miezi bila fedha yao. Sasa mnunuzi akishusha bei mpaka 10,000,000, wamepata hasara ya 200,000, na siku 60 wamefanya kazi bure. Angekuwepo mwajiri wa kutulipa namna hiyo, tungegoma. Kwa nini tujifanyie wenyewe?

Kwa hiyo andika katika daftari siku zako za kazi kama unavyoandika spea. Ongeza fungu la dharura, walau robo ya fedha ya spea, maana gari la zamani halikosi la kukushangaza. Kisha uliza watu watatu wanaouza magari kama hayo: linauzwa kwa kiasi gani, na husubiri mnunuzi kwa muda gani? Benzi kuukuu hutazamwa na wengi na kununuliwa na wachache, kwa sababu mnunuzi naye anaogopa spea. Kama hesabu haikubali katika karatasi, haitakubali katika gereji.

UZA KWA UKWELI

Usirudishe nyuma mita ya kilomita. Usifiche kutu kwa rangi. Mnunuzi wako huenda ni mfanyakazi mwenzako, naye ametoa akiba ya uzee wake kama wewe. Andika katika karatasi uliyotengeneza na usiyotengeneza, muweke sahihi wote wawili. Aliyeniambia "ni plagi tu" alinifundisha ubaya wa njia ile nyingine.

MWISHO

Ndugu mfanyakazi, ukiwa na ujuzi wa ufundi, mahali pa kufanyia kazi, na fedha ambayo ikipotea watoto hawatalala njaa, jaribu gari moja. Anza na gari la kawaida ambalo spea zake ziko kila mji. Mkichanga wenzako wawili au watatu, andikeni mapatano kabla ya kununua: nani ametoa nini, nani atafanya nini, na hasara itagawanywaje. Wengi huandika juu ya faida tu, na urafiki huvunjika siku ya hasara.

Lakini kama fedha yenyewe ni ile asilimia 20 ya uzee wako, na huna nyingine, iache ilipo. Mwenye shaka aje ofisi ya tawi na daftari lake. Tutapiga hesabu pamoja, na kadi ya gari tutaisoma pamoja. Umoja ni nguvu, hata katika kununua gari.